Kisima cha Mwezi wa Mlisho

Babu yangu mzaa baba alivunja mawe kwa ujira kwa karibu nusu karne, lakini jiwe lililomuua alikuwa analichimba bure. Alifariki mwishoni mwa Machi 1957, baada ya kuangukiwa na mwamba ndani ya kisima kipya cha kijiji chetu, katika rasi ya Fumba, kusini ya mji wa Unguja. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nimesimama juu napokea makapu ya kifusi. Walioshuhudia siku ile tumebaki wachache, na habari imeanza kuota mbawa. Wapo vijana wanaosimulia kwamba alizama. Wapo wanaosema kisima kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikasirika. Nataka niandike nilichokiona, na niseme alikuwa mtu wa namna gani kabla ya siku hiyo.

Unguja haina dhahabu wala almasi. Bara watu walikimbilia Lupa kuchekecha dhahabu, baadaye wakaenda Mwadui kwenye almasi. Mchimbaji wa kwetu alichimba jiwe la mwamba. Kisiwa chetu kina sura mbili: upande wa magharibi una udongo mzito wa mikarafuu na minazi, na upande wa mashariki na kusini ni maweni, mwamba wa matumbawe ya zamani ulioachwa juu na bahari, wenye mashimo na ncha kali, ambamo mkulima hupanda muhogo wake katika vitundu vya udongo mwekundu. Watu wa maweni hawakuwa na mikarafuu. Walikuwa na samaki, kuni, boriti za mikoko, mawe na chokaa, na vyote hivyo mji ulivihitaji. Kuta za Mji Mkongwe, ambazo wageni leo wanazipiga picha, ni jiwe hilo hilo lililoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti.

Umri wa babu tuliupata kwa mizinga. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipolipiga kasri alimokuwamo Seyyid Khalid, vita ambavyo havikufika hata saa moja, yeye alikuwa mtoto wa kukimbia uchi, na aliukumbuka mvumo ukija juu ya maji. Kwa hivyo alizaliwa karibu na mwaka 1890. Baba yake alikuwa mchoma chokaa. Yeye alishika mtaimbo alipobaleghe, na hakuuweka chini isipokuwa siku za Ijumaa na siku za msiba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza hufyekwa kichaka na kuondolewa udongo mwembamba wa juu. Mwamba ukishaonekana, mchimbaji huutembelea kwanza kwa nyundo ndogo, anagonga na kusikiliza. Jiwe zima hulia kwa sauti kali, na lenye ufa au lenye mfuko wa udongo ndani hutoa sauti butu. Akishaujua ufa unavyokwenda, huingiza tindo, halafu mtaimbo, na kulibandua jiwe kwa uzito wake mwenyewe. Baruti hatukuwa nayo. Mawe makubwa yalikwenda kwenye kuta, madogo kwenye kujazia, na vipande safi, vyeupe, visivyo na udongo, viliwekwa kando kwa ajili ya tanuu.

Tanuu ya chokaa haikuwa nyumba wala jiko la kudumu. Yalikuwa magogo yaliyopangwa duara, marefu chini na mafupi juu, katikati ikaachwa nafasi ya makumbi na makuti makavu ya kuwashia, na juu yake likapandishwa rundo la mawe. Moto huwashwa katikati jioni, upepo ukishatulia, na huwaka usiku kucha na mchana unaofuata mpaka rundo lote limeshuka. Jiwe la matumbawe likipata moto wa kutosha hutoa hewa yake na kuwa jepesi. Likimwagiwa maji hufoka, huchemka, na kuvunjika lenyewe likawa unga. Kosa moja tu na mtu hupoteza jicho. Babu alikuwa na makovu meupe mikono yote miwili, tangu kiganjani mpaka kwenye viwiko.

Baada ya hapo chokaa hulazwa. Hufunikwa na kuachwa na unyevu wake kwa miezi, ili kila punje iliyokuwa bado mbichi ipate wakati wa kuiva. Ikitumiwa kabla, punje hizo huivia ukutani na kuubandua ukuta kwa ndani. Ikitumiwa kwa wakati wake, hunyonya tena ile hewa iliyotolewa na moto, na baada ya miaka ukuta hurudi kuwa jiwe. Haya ya hewa niliyaelewa nilipokuwa mwashi mtu mzima. Babu aliyajua bila ya kuwa na jina lake. Alichukua chokaa kidogo, akaisugua kwa kidole gumba, akasema, "Bado," au akasema, "Chukueni."

Katika miaka ya 1920 alikwenda mjini kutafuta kibarua. Ilikuwa miaka ya majengo. J. H. Sinclair, aliyekuwa fundi wa ramani na baadaye Resident, yaani mwakilishi mkuu wa Waingereza, alikwisha kuupa mji majumba yake, na Makumbusho ya Beit el Amani yalifunguliwa mwaka 1925. Bandari nayo ilikuwa ikijengwa, na bahari ya Malindi ikijazwa mawe. Reli ya Bububu, iliyoletwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905, iliacha kuchukua abiria mwaka 1922, kwa kuwa magari ya barabarani yalikwisha kuwanyakua, lakini mabehewa yake yaliendelea kusomba mawe ya bandari. Babu alikuwa katika kundi la wavunjaji waliojaza mabehewa hayo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifanya kazi kwa saa za mtu mwingine.

Kisa alichopenda kukisimulia ni cha wakati huo. Msimamizi aliwaamuru wachimbe chini ya ulimi wa mwamba uliokuwa umejitokeza, kwa sababu chini ndiko kwenye jiwe laini na mabehewa yalikuwa yanasubiri. Babu aliugonga, akausikia, akasema hapana, tuanze kuuangusha wa juu. Msimamizi akasema hakuna wakati. Babu akautia mtaimbo wake begani akaondoka, na ujira wa juma zima akauacha. Sisi watoto tulikuwa tukingoja aseme kwamba baadaye mwamba uliwaangukia wenzake. Hakusema hivyo, kwa sababu haukuanguka. Wenzake walichimba chini yake mpaka mwisho, wakalipwa, na walipokutana naye sokoni Darajani walimcheka. Nikamwuliza, "Sasa babu, ulikosea?" Akasema, "Mwamba ule haukuanguka siku waliyokuwa chini yake. Mimi ningekuwa chini yake siku gani, ningejuaje?"

Kipo na cha chokaa. Bwana mmoja wa mjini alikuwa na nyumba ya kumaliza kabla ya harusi ya binti yake, akaja na mashua kuchukua chokaa iliyolala wiki chache tu. Alitoa bei ya juu. Bibi alimkumbusha babu kwamba nyumbani hakuna mchele. Babu akamrudisha bwana yule na mashua tupu, na sisi, bibi alisema, tulikula muhogo mpaka chokaa ilipoiva.

Nimevisimulia visa hivi ili ieleweke kwamba hakuwa mtu wa kusukumwa. Watu wa mji walimwona mkaidi. Walimtafuta vile vile.

Aliporudi kijijini kwa kudumu, nywele zikiwa zimeanza mvi, alichukua kazi ambayo maweni huithamini kuliko zote na haina malipo: kuchimba visima. Hakuna mtu wa kwetu aliyedai pesa kwa kisima. Maji ni sadaka, na anayechimba hungoja malipo yake kwa Mola. Lakini kisima cha maweni kina hila. Maji matamu ya kisiwa yameelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba, matamu juu, chumvi chini, na tabaka la matamu karibu na pwani ni jembamba. Ukichimba kidogo, kiangazi kitakikausha kisima chako. Ukizidisha, unatoboa tabaka na kuteka chumvi maisha yako yote. Tena maji hayo hupanda na kushuka pamoja na bahari. Mchimbaji mjuzi hungojea maji ya bamvua, siku ambazo bahari hupwa sana, kwa sababu hapo ndipo huonekana mwisho wa chini kabisa wa maji ya kisima. Huchimba mpaka pale, akaongeza kidogo, akaacha.

Kiangazi cha kuingilia mwaka 1957 kilikuwa kikali kwetu. Kisima cha zamani kilitekwa mno kikaingia chumvi, na wanawake wakawa wanaamka kabla ya alfajiri kwenda mbali na madebe kichwani. Babu alikuwa karibu na miaka sabini. Alianza kisima kipya pamoja na ami yangu na vijana wengine wawili, mimi na watoto wenzangu tukibeba kifusi. Walikwenda pima moja baada ya nyingine. Kila asubuhi, kabla ya mtu kushuka, koroboi iliteremshwa kwa kamba. Ikizimika, hewa ya chini ni mbaya na hakuna kazi mpaka ipatikane nzuri. Kamba ilikuwa ya makumbi, nene, imesokotwa na bibi na wanawake wenzake, na babu aliikagua kwa vidole tangu mwanzo mpaka mwisho kila siku ya kazi.

Mwezi ulikuwa wa Mlisho, umebakiza siku chache uishe. Ramadhani ilikuwa inaingia na mwezi mpya, na maji ya bamvua yangekuja pamoja nayo. Kisima kilikuwa kimefika majini, kimebakia ile kazi ya mwisho, ya kutafuta pa kuachia. Usiku mmoja ikanyesha mvua ya kwanza ya masika, mvua kubwa, na kulipokucha kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa babu. Alikwenda kisimani peke yake. Aliporudi barazani alikuta wazee wamekaa wanamngoja.

Nilikuwa pale na maneno nayakumbuka. Babu alisema, "Upande wa kibla mwamba una mfuko wa udongo. Udongo umekunywa mvua. Tungoje jua la siku tatu nne."

Mzee mmoja akasema, "Siku tatu nne tutakuwa tumefunga. Bamvua likiiva tumo ndani ya Ramadhani. Nani atashuka kisimani na kiu?"

"Basi tungoje mpaka Mfunguo Mosi."

Hakuna aliyejibu. Halafu mke wa jirani yetu, ambaye alikuwa mjamzito na alikuwa amesimama nje ya baraza na debe lake, akasema kwa heshima, bila ya kumtazama usoni, "Baba, mwezi mzima wa kufunga tuamke saa ngapi kufuata maji, na saa ngapi kupika daku?"

Babu aliinamisha kichwa. Nilimwona anapitisha kidole gumba juu ya vidole vyake, kama anayepima chokaa. Angekuwa msimamizi wa bandari, angetia mtaimbo begani. Angekuwa bwana wa mashua, angemrudisha. Alisema, "Haya. Kesho maji yakipwa."

Kesho yake bahari ilikuwa imekwenda mbali kiasi cha saa tatu asubuhi. Koroboi ilishuka ikawaka vizuri. Babu aliwakataza vijana wote, akashuka mwenyewe, kwa sababu, alisema, kazi iliyobaki ni ya sikio si ya nguvu. Tulimsikia anagonga kuta upande mmoja baada ya mwingine. Makapu yalianza kupanda, kifusi cheupe, kimelowa. Yalipanda mengi. Kisha akapaza sauti, "Yanatosha, hapa hapa," yaani amepata pa kuachia, na ami akaanza kukusanya kamba ya kumvutia.

Hapo ndipo mfuko ule ulipoachia. Udongo ulitangulia, mwekundu, na nyuma yake likashuka pande la mwamba lililokuwa limeshikwa nao. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Ulikuwa mkwaruzo, halafu maji yakaruka. Vijana walirukia kamba.

Sauti ya babu ikatoka chini, "Msivute! Msivute, nimeshikwa."

Jiwe lilikuwa limembana miguu na kiuno kwenye ukuta wa pili. Kilichofuata sijakiona tena katika maisha yangu ya uashi, nami nimeona mengi. Babu aliusimamia uokozi wake mwenyewe. Alimkataza ami kushuka mpaka magogo mawili yateremshwe na kutiwa kabari chini ya mwamba uliobaki juu, upande wa kibla. Alisema lipi litangulie na likae wapi. Alisema mtaimbo uwekwe ufa gani, na nani ashuke, yule mwembamba, si yule mwenye nguvu. Watu walipoharakisha aliwagombeza. Na bahari ilikuwa imeanza kujaa, na maji ya kisima nayo yakaanza kupanda. Tulimsikia akisema yamefika tumboni. Akasema yamefika kifuani, na kwa sauti ile ile akasema, "Kabari ya pili bado, mngojee akaze."

Jiwe lilisogezwa kabla ya adhuhuri. Alivutwa juu mzima wa akili, uso wake umepauka kama chokaa ya kulazwa, na miguu yake haikuwa yake tena. Alimtazama ami akamwambia, "Jengea kuta kabla hujateka. Usiongeze chini." Hilo ndilo agizo la mwisho la kazi. Walikuwa wanatafuta gari la kumpeleka mjini, na mashua nayo ilikuwa inatayarishwa, alipoanza kutoa shahada. Alifariki kabla ya alasiri, bibi amempakata kichwa.

Tulimzika asubuhi iliyofuata. Kaburi la maweni halichimbwi kwa jembe. Vijana wake walilivunja kwa mitaimbo usiku, kwa taa, na mwanandani waliukata katika mwamba mzima, wakiwa wameugonga kwanza kote. Mwezi uliandama na tukafunga tukiwa bado katika msiba.

Katika hitima palikuwa na mzozo. Wapo waliotaka kisima kifukiwe. Ami alisema marehemu ameagiza kijengewe, hakuagiza kifukiwe. Mwalimu wetu wa chuoni akalimaliza jambo: maji yale ni sadaka iliyokamilika, na kuifukia sadaka ya maiti ni dhuluma. Kisima kikajengewa kuta kwa chokaa ya babu iliyokuwa imelala kutoka mwaka wa nyuma. Maji yake yalikuwa matamu, yenye ladha ya chumvi kwa mbali sana katika kiangazi kikali. Mwezi wa Julai, wagombea wa uchaguzi wa kwanza walipopita kwetu kuahidi bomba, walikaribishwa maji ya kisima hicho.

Nilipokuwa kijana nilifuata uashi. Nimeishi zama za saruji, matofali ya mchanga na kokoto, na nikaona mafundi wakipaka saruji juu ya kuta za chokaa, unyevu ukafungiwa ndani, na boriti zikaoza. Ilipoanzishwa mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, na zaidi baada ya mji kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, chokaa ilitafutwa upya. Nimegombana na wenye nyumba waliotaka chokaa mbichi, na ugomvi ule haukunikosesha usingizi. Kumkatalia anayekulipa si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Unapoteza pesa, basi. Babu aliweza hilo tangu ujana wake. Alichoshindwa ni kumkatalia aliyekuja bila ya pesa, mwenye haki, mwenye shida ya kweli, anayemwita baba. Udongo uliolowa hautambui tofauti hiyo. Upande mmoja wa Jumba la Ajabu la Mji Mkongwe ulipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha, nilikaa nikiwafikiria watu wa nyumbani kwao, kwa sababu najua saa za kungojea juu ya kifusi zinavyokwenda.

Wazee wa kijiji hawakuwa watu wa maandishi, lakini waliweka sharti. Kabla ya hitima kuvunjika, yule yule aliyeuliza nani atashuka na kiu alisema kwamba tangu leo, katika kisima, shimo la mawe au tanuu, anayeshuka ndiye mwenye kauli. Akisema leo hapana, hakuna wa kumwuliza mara ya pili, awe mzee, awe sheikh, awe mwanamke mwenye debe. Wote wakaitikia.

Sharti lile nimeliona likifanya kazi. Baada ya Mapinduzi, katika kazi za kujitolea, tulikuwa tunapanua kisima cha kijiji jirani na kijana wa zamu akagonga ukuta, akasita, akapanda juu akasema hashuki. Kiongozi wa kazi, mgeni kwetu, alimwita mvivu mbele ya watu. Mzee mmoja wa kijijini kwetu akamshika mkono yule kiongozi, akamkalisha chini ya mwembe, akamweleza. Tuliweka mitaimbo chini tukarudi makwetu, na kisima kikamalizwa juma la pili ardhi ilipokauka. Ukuta haukuanguka, si siku ile wala baadaye. Kijana yule sasa ni mzee mwenzangu, tunakutana msikitini, na hakuna mtu aliyewahi kumcheka.